Nimebonyeza Mara Mbili

Filamu yangu ya kwanza imekufa leo, na mimi ndiye nimeiua.

Cucu, nyanya yangu hapa Embu, alikubali kusimulia mambo ya Emajensi, wakati wa vita vya Mau Mau. Hajawahi kumwambia mtu.

Alisema mdogo wake, bado mchanga, alifia mgongoni mwa mama yao akichimba handaki la mkoloni. Mama akaendelea kuchimba tu, homugadi, mlinzi wa serikali, amemsimamia.

Tulilia wote. Nikafungua kamera nimwonyeshe.

Wasee, nilibonyeza kitufe cha kurekodi mara mbili! Nina sekunde nne pekee: Cucu anarekebisha leso, anauliza, "Nianze?"

Nitukaneni, nastahili.

Nikamwomba arudie.

Akanishika mkono. "Nimembeba miaka yote hii. Leo nimemshusha. Sasa mbebe wewe."