Elektroni ya Kumi na Moja

Mwalimu Devkinandan alifundisha kemia miaka ishirini na miwili katika mji wa Kota, na hakupata hata siku moja kuchora atomi ubaoni. Aliijenga kwa watoto wa watu. Darasa lake, la chini kabisa katika kituo chao cha tuisheni, lilikuwa na wanafunzi thelathini na wanne, idadi aliyoipigania mwenyewe ofisini. Kila Jumatatu, matokeo ya mtihani wa Jumapili yakishabandikwa, kumi na mmoja wa kwanza walikaa katikati wakawa protoni za sodiamu. Kumi na wawili waliofuata walichanganywa nao na kuamriwa wafunge midomo, kwa kuwa nyutroni haina chaji. Kumi na mmoja wa mkia, ndio elektroni, walisimama kuwazunguka: wawili karibu, wanane nyuma yao, na wa mwisho kabisa peke yake mlangoni.

"Sodiamu imemchoka huyu," alisema akifungua mlango. "Nje." Kisha akawageukia waliobaki. "Protoni kumi na moja, elektroni kumi. Ioni yetu ina chaji gani?"

"Chanya moja," darasa liliitikia kwa kicheko.

Ulikuwa ukatili mtupu, na ubaya wake ni kwamba hakuna aliyelisahau somo lile. Aliyetolewa alibaki kwenye varanda isiyo na paa mpaka kipindi kiishe, jua la Aprili likimchoma utosi.

Mwaka ule wa mkia alikuwa Jhumri Damor, binti wa mpasua mawe kutoka Dungarpur. Wiki sita mfululizo alitolewa yeye. Alisoma kwa kuegemea dirisha kutoka nje, na mwalimu alipomgundua akalifunga na dirisha.

Mwalimu naye kitumbua chake kilikuwa kinaelekea kuingia mchanga. Mkurugenzi wa kituo alimwambia waziwazi kwamba darasa lake lisipotoa hata mmoja wa kusomea udaktari, afungashe virago. Alikuwa na miaka hamsini na saba na hakujua kazi nyingine.

Matokeo ya mtihani wa taifa wa kuingia udaktari yalipotoka, darasani mwake alifaulu mmoja tu, Jhumri. Mkurugenzi hakukubali kwamba ni kazi ya mwalimu. Alisema waandishi wa gazeti watamhoji binti kesho, na kama hatamtaja mwalimu wake, basi, kazi imekwisha. Mwalimu akameza kiburi chake, akaenda mpaka chumba alichopanga binti.

Jhumri alimwinamia, akamgusa miguu kama desturi inavyotaka.

"Mwanangu, wakikuuliza nani alikufundisha atomi, nitaje."

"Nitakutaja, mwalimu," alisema Jhumri. "Na nitawaeleza ulivyonifundisha."

Gazeti lilieleza yote: mlango, jua, dirisha lililofungwa, na siku Jhumri alipozirai varandani, mwalimu akaliambia darasa kwamba ioni sasa imetulia. Devkinandan alilisoma akiwa amesimama. Aliona aibu, halafu akaanza kufunga vitabu vyake kwa kamba.

Alimkuta mkurugenzi amelishika gazeti lile lile, anatabasamu. Simu hazikatiki tangu asubuhi, alisema. Wazazi wanamtaka mwalimu huyo huyo, na kuanzia sasa atafundisha darasa la juu kabisa la kituo. Wiki haikuisha, picha yake ikatundikwa njia panda kando ya picha ya Jhumri. Binti alikwenda ofisini kuomba yake ishushwe, akaonyeshwa fomu aliyotia sahihi siku ya kujiunga, iliyokipa kituo ruhusa ya kuitumia picha yake.

Jumatatu iliyofuata baba mmoja alikuwa akimsubiri mwalimu mlangoni, amemshika binti yake mkono.

"Mwalimu, huyu wangu ni mzito wa kuelewa," alisema. "Usihangaike kungoja mtihani. Mwanzishie hapo hapo nje."

Binti aliangalia chini. Devkinandan akapokea fomu ya kujiunga, akamwonyesha mtoto pa kusimama.