Mkono wa Baba Kwenye Nati

Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mwanangu, na aliyenikumbusha ni wewe, kwa rimu hizi nne ulizoziteremsha hapa karakanani. Umesema ni za gari la marehemu mama yako, zilikuja nalo tangu lilipotoka kiwandani, nawe unataka zipigwe rangi ya unga zing'ae kote, mbele na nyuma, hata kwenye matundu ya nati. Nitazipiga. Lakini kaa kwanza kwenye hilo benchi, maana neno lako hilo la mwisho niliwahi kulisema mimi nikiwa kijana kuliko wewe, na hadi leo linaniuma.

Baba yangu alikuwa dereva wa pikapu. Miaka mingi alibeba mpunga kutoka Bahi kuja Dodoma mjini, mpaka macho yakamwishia. Alipopofuka hakuuza gari. Alinipa mimi niendeshe, yeye akawa anakaa kando yangu. Ila kazi moja hakumwachia mtu. Kila asubuhi kabla hatujaondoka alilizunguka gari taratibu, mkono mmoja kwenye bodi, akainama kwenye kila gurudumu na kupapasa nati moja baada ya nyingine, akizihesabu kwa Kigogo chini kwa chini kama mtu anayehesabu mbuzi wake wakiingia zizini. Akimaliza hugonga bodi mara mbili, ndipo nawasha. Mimi nilichoka kumsubiri. Laiti siku zile zingerudi, ningemsubiri hata kutwa nzima.

Sasa, matope ya Bahi yana chumvi, yanakula chuma. Rimu zetu zilijaa kutu, na kule Bahi kulikuwa na binti niliyetaka anione nikipita. Simtaji, leo ni bibi wa watu. Nikazipeleka kwa Mzee Shabani, fundi wa mjini aliyekuwa akipaka vitanda vya chuma rangi ya unga na kuioka kwenye tanuri. Alizipuliza mchanga mpaka chuma kikabaki kitupu. Kisha akanipa vizibo, akaniagiza nizibe matundu yote ya nati, rangi isifike pale.

"Rangi hii ni nene, kijana," aliniambia. "Nati inataka kuuma chuma. Ikiuma rangi, rangi inasagika na nati inalegea."

Akaenda kuswali adhuhuri. Mimi nikaona vile viduara vya chuma kitupu vitaharibu urembo wote, nikamwambia msaidizi wake kwamba mzee amesema zipakwe kote. Aliporudi, rimu zilikuwa zimeshaiva tanurini. Alisikitika, akanipa tupa, akanisisitizia nikwangue matundu yote kabla ya kufunga. Niliitikia vizuri sana, kwa adabu zote. Nyumbani nikafunga vilevile, na tupa nikaiweka chini ya kiti.

Kesho yake alfajiri zikaja habari kwamba shangazi, dada pekee wa baba, amezidiwa kule Bahi, na anamwita kaka yake. Baba alivaa haraka, lakini mzunguko wake hakuuacha. Kwenye gurudumu la kwanza vidole vyake vikasimama.

"Hapa sisikii chuma," akasema. "Umefunga juu ya rangi?"

"Hapana, baba. Nimekwangua."

Aliipapasa nati ile mara moja zaidi, akaondoa mkono. Kisha akagonga bodi mara mbili.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na yangu haikufika Bahi. Tulipokuwa tumekwenda zaidi ya nusu ya safari, baba akasema gurudumu la nyuma linagonga, nisimame. Nikamjibu ni makorongo ya barabara. Nilijua siyo makorongo. Ila kusimama kulikuwa ni kushuka, na kushuka ni kuumbuka mbele yake. Akasema mara ya pili, nikakanyaga mafuta. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na guu langu mimi lilikuwa la gari: boliti zilikatika, pikapu ikakaa chini, na gurudumu likatupita likibingirika mpaka kwenye miiba. Lilikuwa linang'aa vizuri kweli.

Hatukuumia. Mpita njia mmoja mwenye baiskeli alikubali kwenda kututafutia boliti, maana siku zile bodaboda zilikuwa hazijatufikia. Gari moja tu lilipita, nalo limejaa mpaka juu. Baba akaketi kando ya barabara, fimbo mapajani. Hakuuliza kilichovunjika. Aliuliza jambo moja tu, tena na tena.

"Jua liko wapi?"

"Linapanda, baba."

Baadaye tena akauliza, nikamwambia liko utosini. Baadaye tena, nikamwambia limeinama. Kweli hizo tatu ndizo nilizomwambia baba yangu siku ile, na zote zilikuwa zimechelewa.

Boliti zilipoletwa nikafunga gurudumu, tukafika alasiri, wanawake wameshaanza kulia. Shangazi alikata roho mchana. Walituambia kwamba asubuhi yote alikuwa akiuliza kama gari la kaka yake limesikika. Baba alipapasa mpaka akaupata mkono wa dada yake, akaushika muda mrefu. Ndipo akanigeukia mimi, bila kupandisha sauti.

"Mkono wangu uliniambia kweli," alisema. "Nikaunyamazisha, nikaamini mdomo wako."

Tangu hapo hakugusa nati tena. Asubuhi alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wake, akakaa. Nilimbembeleza sana azikague, naye alinijibu kwa upole, "Si umeshakagua wewe?" Heri angenichapa. Alifariki bila kulizunguka gari lile tena, nami leo mzee mzima, kila nifungapo gurudumu, nasikiliza kama kuna mkono unaopita na kuhesabu kwa Kigogo. Namkumbuka sana baba yangu, mwanangu. Nakumbuka hata kule kuchoka kumsubiri.

Kwa hiyo shika vizibo hivi, uzibe matundu ya rimu za mama yako kwa mkono wako mwenyewe. Kutu tutaitoa, rangi tutaipaka, zitapendeza. Lakini chuma kinapokamatana na chuma paache wazi, hata pakionekana pabaya. Ukishafunga, tembea kidogo, urudi ukaze tena. Na ukikosea, kama watu wote tunavyokosea, sema mapema jua likiwa bado linapanda. Mficha uchi hazai. Zaidi ya yote, mtu asiyeona akikuuliza, usimdanganye, maana hana macho mengine ila wewe.

Mungu akubariki, azilinde safari zako, na wanaokungoja uwakute hai. Na ukijaliwa mzee wa kukuchelewesha asubuhi, Mungu akupe moyo wa kumsubiri mpaka agonge bodi mara mbili.