Alifukuza vumbi karakanani, likahamia chumbani kwa binti yake

Saa mbili na nusu asubuhi, ukungu haujaachia vilima vya Masisi, mashariki mwa Kongo, na Straton Nizeyimana anavuta kamba ya injini. Mara ya kwanza inagoma. Mara ya pili inagoma. Ya tatu inakubali, na nyumba yote ya mbao inatetemeka kuanzia sakafu hadi bati.

Kabla hajagusa ubao, fundi huyu wa miaka arobaini na sita anachota unga wa mbao kwa vidole vitatu na kuuachia karibu na bomba lililofungwa chini ya msumeno. Unga haufiki chini. Bomba linaunyakua, unapita juu ya kichwa chake ukikwaruza bati, unatokea upande wa pili wa ukuta na kuangukia ndani ya gunia.

"Munaona?" anapaza sauti kuishinda injini. "Haibakishe kitu. Tafuta hapa Masisi yote, hautapata fundi mwenye iko na hii."

Ni kweli, hana mpinzani. Lakini hatabasamu. Nyuma ya ukuta wa karakana, hatua nne kutoka kwenye msumeno, kuna kitanda cha mtoto kilichotandikwa vizuri, blanketi limekunjwa miguuni. Huu ni mwezi wa saba hakuna aliyekilalia.

Kitanda hicho ni cha Nishimwe, msichana wa miaka tisa, mtoto wa pekee wa Straton na mkewe Emérita Byukusenge. Walimpata baada ya kungoja miaka kumi na mmoja, wakati majirani walishachoka hata kuwapa pole. Leo anaishi Mweso kwa mama yake mdogo, Murekatete, kwa sababu mapafu yake hayawezi kukaa nyumba moja na mbao. Wazazi wanataka kujua jambo moja tu: je, ataweza kurudi nyumbani?

Straton hakupanga kamwe kupasua mbao chini ya paa analolala. Kwa miaka kumi na minane alikuwa na karakana Nyabiondo, kando ya soko, banda lisilo na kuta ambalo upepo ulilifagia bila kulipwa. Kisha yakaja mapigano. Watu wenye silaha wakabeba injini zake mbili. Mbao za libuyu, mti mgumu mwekundu, zilizotoka misitu ya Walikale migongoni mwa wapagazi kwa siku tatu, zikaishia kuwa kuni za kupikia maharage yao.

Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Straton naye alikimbilia kiwanja cha marehemu baba yake hapa Masisi, mtoto mgongoni, randa kwenye kikapu. Akajenga nyumba, na ubavuni mwake karakana, ukuta mmoja ukitumika pande zote mbili. Injini ya tatu, aliyoinunua baada ya kuuza ng'ombe wawili waliosalia, hakuthubutu kuiacha nje.

"Mashini inalala kwako, ao inalala kwa benye bunduki," anasema. "Hakuna fasi ya tatu."

Haikupita miezi miwili, vumbi jekundu la libuyu likawa kwenye ugali, kwenye daftari za shule, kwenye nyusi za mtoto. Nishimwe akaanza kukohoa. Kanyere, mwuguzi wa kituo cha afya, hakumung'unya maneno: vumbi litoke ndani ya nyumba ile, au mtoto atoke.

Hapo ndipo ufundi wa Straton ulipoamka. Kasika, mfanyabiashara aliyetoka Butembo, alikuwa na kinu cha kusagia mihogo kilichokufa nyuma ya duka lake. Kinu cha namna hiyo kina feni inayosukuma unga kwenye pipa lililo pana juu na jembamba chini. Unga unazunguka humo, unashuka kwenye gunia, na hewa inatokea juu kupitia mfuko wa kitambaa. Straton alilizunguka pipa lile mara tatu kama mtu anayenunua fahali.

"Nilimuambia: Papa Kasika, kama moulin inatupa unga ya mihogo mu gunia, unga ya mbao iko na kichwa nguvu gani ya kukataa?" anakumbuka.

Kasika alicheka mpaka akakaa juu ya mfuko wa simenti. Kisha akamwachia feni na pipa, na Straton akamlipa kwa milango miwili ya duka.

Kazi ilichukua wiki tano. Mabomba aliyakunja kutoka mabati ya zamani, na kila kiungo akakifunga kwa vipande vya mpira wa pikipiki. Mara ya kwanza feni haikuvuta kitu, maana alikuwa amelipinda bomba kwa kona kali na unga ukajazana pale. Akalivunja, akalikunja upya, polepole, kama kiwiko. Emérita alitoa kitenge chake kizito kishonwe mfuko wa juu.

Siku mashine ilipovuta, Nishimwe ndiye aliyepewa heshima ya kurusha maranda mbele ya bomba. Akayarusha mpaka yakaisha. Akaokota kandambili ya baba yake, akataka kuijaribu nayo.

Kikohozi kikapungua kwa wiki sita nzima. Straton akatembea kifua mbele, na Kanyere akampa mkono wa pongezi mbele ya kanisa.

Magunia ya unga, hata hivyo, yalikuwa yakirundikana. Wanawake wa jirani walichukua kidogo cha kuwashia moto jikoni, lakini mengi yalibaki, na mtu aliyewahi kukimbia vita na kikapu kimoja hajui kutupa. Mvua zikaanza. Baridi ya vilima hivi ikawa inapenya kwenye mbao za chumba cha mtoto, naye akawa analala amejikunja.

Straton akamkumbuka baba yake. Mzee yule aliwajengea wafugaji nyumba za kutunzia fromaji, yaani jibini, kule malishoni: kuta mbili za mbao, katikati zimeshindiliwa unga wa mbao ili jua lisipite. Kinachozuia joto huzuia na baridi. Akajenga ukuta wa pili ndani ya chumba cha Nishimwe, akaujaza magunia kumi na moja ya unga ule ule uliokamatwa na mashine yake. Mbao za ndani alizipiga randa mpaka zikang'aa, akachonga juu yake maua ya maharage.

Kosa lilikuwa hapo. Baba yake alitumia unga wa msumeno wa mkono, mzito kama chumvi, na upande wa ndani aliukandika kwa udongo na mavi ya ng'ombe. Unga wa Straton ulikuwa wa mashine, laini kuliko unga wa mihogo. Na kukandika hakukandika, kwa sababu moyo ulimgoma kuyafunika maua ya binti yake kwa mavi.

Kila injini ilipowashwa, ukuta ule ulitetemeka. Kila ulipotetemeka, vumbi lilichujika katikati ya mbao na kushuka juu ya mto wa mtoto.

"Kila asubuhi nilikuwa naona kitu nyekundu ku mto," anasema Emérita. "Nikafikiri ni miguu yetu njo inaleta. Nikafagia. Nilikuwa nafagia tu, kila siku, na mutoto anazidi kukohoa."

Alhamisi moja saa nane mchana, Straton akimalizia madawati ya shule, mkewe alitokea mlangoni akipunga mikono yote miwili. Nishimwe alikuwa amelala baada ya masomo. Hakuwa anakohoa tena. Alikuwa anatafuta hewa, midomo imekuwa rangi ya majivu. Walimpakia kwenye pikipiki, katikati ya dereva na baba yake. Alikaa siku nne hospitalini kwenye oksijeni.

Siku ya pili Kanyere alimfuata Straton nyumbani. Aliangalia karakana, akaangalia bomba, akaangalia gunia, hakuona kasoro. Kisha akaingia chumbani na kuupiga ukuta wenye maua kwa kiganja. Vumbi likatoka kwenye kila kiungo, bila haraka, likashuka kitandani.

"Papa, hii vumbi haukuitosha inje," Kanyere akamwambia. "Uliihamisha tu."

Straton anasema alikaa chini palepale sakafuni, na hakumbuki nani alimwinua.

"Ile ukuta niliijenga na mapendo yangu," anasema, macho kwenye vidole vyake. "Kama ningekuwa muvivu, mutoto angekuwa hapa."

Aliubomoa peke yake, akiutoa unga kwa bakuli, akakataa kusaidiwa. Mbao za maua akazichoma. Akaukandika ukuta uliobaki kama baba yake alivyofanya. Lakini daktari alishasema neno lake: mtoto asirudi mpaka siku ambayo kitambaa cheupe kitakaa kutwa juu ya kitanda kile, mashine ikifanya kazi, kisibadilike rangi.

Kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi Emérita hutandika shuka jeupe. Leo saa kumi jioni, injini imezimwa, anaingia na kulibeba kwa pembe zake nne mpaka mlangoni penye mwanga. Anapitisha kidole katikati. Kidole kinaacha mstari.

"Ishirini na tatu," anasema. Ni Jumamosi ya ishirini na tatu, na shuka halijawahi kutoka safi.

Straton ameshajaribu kila alichojua. Ameweka gunia juu ya gunia. Amelisogeza pipa hadi mwisho wa kiwanja, chini ya mikaratusi. Ametumbukiza mdomo wa bomba kwenye ndoo ya maji. Chenga zinakamatwa, lakini vumbi laini linapita kwenye nyuzi za kitambaa, linarudi na upepo, linaingia chini ya bati.

"Ile ninaona, nilishaishinda," anasema. "Ile inaua mutoto siione."

Emérita amemwomba aiuze mashine. Naye anamjibu kwa swali lile lile kila mara: mtoto atakula nini kule Mweso? Kila mwezi dola ishirini na tano zinakwenda kwa Murekatete, za chakula, za shule, na za dawa ya kuvuta mdomoni. Zote zinatoka kwenye msumeno. Shamba la maharage liko Nyabiondo, na njia ya Nyabiondo haipitiki kila siku. Emérita akisikia hivyo hukunja shuka.

Saa kumi na moja Straton anapanda kilimani nyuma ya nyumba, mahali simu inapopata mtandao. Murekatete anapokea, anampa mtoto.

"Papa, leo kitambaa iko namna gani?"

Angeweza kudanganya. Uongo mmoja tu, na Jumatatu angekuwa na binti yake mezani.

"Iko nyekundu, mama," anamwambia binti yake.

"Sana, ao kidogo?"

"Kidogo."

"Basi ku Noeli nikuye siku moja tu. Nitalala inje, ku mulango."

"Hapana, mama. Ubakie kule."

"Usiogope, Papa. Huku sikohoe."

Anapozima simu, Straton analia waziwazi, bila kujificha, mwanamume mzima mwenye mikono minene.

Sikukuu ya Noeli atakwenda yeye mwenyewe Mweso. Mara moja tu alikwenda, mwezi wa nane, siku nzima ya pikipiki na miguu. Nishimwe alimwona tangu mbali, akakimbia, akamrukia kifuani, na kabla hajamaliza kusema "Papa" akaanza kukohoa. Murekatete akaja kumbandua. Siku mbili zilizobaki baba alikaa uani na mtoto akakaa mlangoni, wakizungumza hivyo.

Safari hii Emérita amenunua kitambaa kipya dukani kwa Kasika. Shati na suruali vinashonwa nyumba ya jirani, vitafungwa ndani ya plastiki, na havitavuka kizingiti cha nyumba hii.

"Mbele ya kufika Mweso nitaoga ku mutoni, nitanyoa kichwa yote, nitavaa ile nguo," anasema Straton. "Ninataka anikumbate mpaka yeye mwenyewe achoke. Akikohoa na pale, nitajua vumbi iko ndani ya mwili yangu. Sitaenda tena."