Spika Katika Orodha ya Waliounguliwa

Mwaka 2017 moto uliunguza jengo tulilopanga pale mtaa wa Berea, huku kusini mwa Afrika. Mimi, mke wangu na watoto tulitoka salama, lakini cherehani yangu, iliyotulisha tangu tulipohama Bukavu, ilibaki chuma cheusi.

Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu Rosettenville, kamati ilisoma orodha ya msaada kwa familia tatu zilizounguliwa: mablanketi, sufuria, cherehani. Halafu, kwa sauti ileile, msomaji akaongeza spika mpya za kwaya na zulia la ofisi ya mchungaji. Tukaambiwa tupige kura moja tu kwa orodha nzima. Nilikuwa nimevaa suruali ya kuazima. Ningekataa vipi? Nikainua mkono.

Ndipo akasimama mama mmoja msusi, ambaye hata hatukuwa tumezoeana naye.

"Baba mchungaji, samahani," alisema. "Spika hazikuungua. Tuwasaidie hawa kwanza, mambo ya spika tutayaongea siku nyingine."

Nilidhani mchungaji atakasirika, lakini aliomba kalamu, akaikata mistari miwili ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe.

"Aksanti, mama," akasema. "Tulikosea."

Jumatano cherehani ilifika. Nguo ya kwanza niliyoshona kwa cherehani hiyo ilikuwa gauni la yule mama. Alipofungua pochi anilipe, nilikataa. Akaniuliza kwa nini. Nilitaka kumweleza, lakini machozi yalinitangulia, naye akanishika bega, tukasimama hivyo hivyo mlangoni.