Mshona lumbesa wa Lumuma alivyowapimia madiwani

Saa moja asubuhi jua bado halijavuka milima ya kata ya Lumuma, wilayani Kilosa, na Vaileth Danieli ameshashona magunia manne ya vitunguu. La tano limejaa hadi mdomoni, lakini mnunuzi anasema bado. Vitunguu vinarundikwa juu, Vaileth anavizungushia wavu na kuushona kwa uzi wa katani hadi gunia linaota kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa: mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na karibu gunia na nusu.

"Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hii," anasema mama huyo wa miaka 46. "Na vitunguu vya shamba langu vimo humo humo. Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Mimi changu nakishona kwa mkono wangu."

Mwaka huu halmashauri ilitaka kila kata ilete hoja moja. Baraza la madiwani lingechagua tatu tu za kumkabidhi mbunge, akazipiganie ili sheria zibadilishwe. Lumuma wakakutana, wakaandika walichozoea kuandika: tunaomba mizani.

Mtendaji wa kata, Bonifas Melkizedek, akawarudishia karatasi yao.

"Niliwaambia, jamani, hili ni ombi, kama lile la kisima. Wenzetu wanauliza sheria gani ibadilike," anakumbuka akicheka. "Mama Vaileth ndiye aliyefungua mdomo."

Alisema hivi: "Lumbesa imekatazwa, tunajua. Lakini gunia linakamatwa barabarani, limeshatoka kwangu. Sheria iseme vitunguu vipimwe kijijini, kabla sijashika sindano."

Siku ya kikao mjini Kilosa, hoja hiyo nusura ife mapema. Diwani mmoja alitaka iondolewe. Katazo lipo, alisema, tusimchoshe mbunge. Vaileth, aliyealikwa kutoa maelezo ya kata yake, akasimama.

"Shikamooni, waheshimiwa," akasalimu, akaitikiwa, kisha akaomba gunia lake liingizwe pamoja na mizani ya kuazima. Gunia bapa, lisilo na kichwa: kilo 101. Akarundika vitunguu, akashona kichwa mbele yao bila haraka. Kilo 146.

"Hizi arobaini na tano nimezipalilia mimi, na nimezifungia mimi," akawaambia. "Nikigoma, anaitwa mshonaji mwingine. Msitegemee nigome, waheshimiwa. Wekeni sheria."

Mikono ikainuka. Hoja ya Lumuma ikaongoza orodha ya tatu, na yule diwani aliyeipinga aliinua wake miongoni mwa wa mwanzo. Jioni hiyo Vaileth alipokelewa Lumuma kwa vigelegele, na hafichi kwamba alilia.

Ushindi huo una gharama. Kushona lumbesa moja kunamlipa shilingi elfu moja. Gunia bapa, mia tano. Sheria ikipita, ujira wake wa sindano utapungua nusu.

"Ujira utapungua, vitunguu vitaongezeka," anasema. "Hesabu hiyo hata mwanangu wa darasa la pili anaijua."

Hoja sasa iko kwa mbunge, na Vaileth anajua Bunge lina mambo mengi. Lakini siku yake ameshaipanga.

"Mizani ikifika, gunia la kwanza kupanda liwe langu. Nitalishona bapa, nimwangalie mnunuzi usoni, nimwambie: hizo ni kilo mia moja, baba. Ukitaka nyingine, nunua."