Tulivyofuata Mto Kwenda Kuchukua Jibu

Mnisamehe kwanza mwandiko huu unaopanda na kushuka, na maneno nitakayoyakosea. Sikusoma mbali, na barua fupi tu hunichukua jioni mbili. Lakini kusema mbele ya watu kunanishinda zaidi, kwa hiyo bora niandike.

Kaka yangu alikuwa ameposa Machakos. Yeye ni karani wa reli, na alimwona msichana mara moja tu, katika harusi hapa kwetu Pumwani, akipita na birika la maji ya kunawa. Kabla ya hapo kaka alishawahi kuposa mahali pengine akakataliwa, na mwezi mzima hatukumsikia akipiga mluzi. Safari hii ami yetu ndiye aliyepeleka barua ya posa, kisha tukaletewa habari kwamba jibu liko tayari, aende mtu alichukue. Ami mguu ulikuwa umevimba. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu sina maneno mengi.

"Utapokea bahasha, utashukuru, utarudi," ami aliniambia. "Itafunguliwa hapa, mbele yangu. Na huyu mwenye haraka asionekane kule. Mposaji hajipeleki ukweni kabla ya jibu."

"Ndiyo, ami," kaka akaitikia kwa adabu kubwa.

Alfajiri ya Jumapili nilipotoka na baiskeli yangu nilimkuta nje ya mtaa, amekaa juu ya baiskeli ya kuazima, nywele zinang'aa kwa mafuta.

"Nakusindikiza mpaka Njiru tu," alisema.

Tuliufuata mto Nairobi. Nyuma ya nyumba zetu mto ule una rangi ya chai, lakini ukishauacha mji unapata mafunjo kando yake, na ndege weupe wanaosimama kwa mguu mmoja kama wamesahau mwingine. Njia ya miguu ilikuwa imekanyagwa ikawa laini kama sakafu. Kaka aliachia usukani akanyoosha mikono yote miwili. Nami nikajaribu, nikaingia kwenye mafunjo, nikatoka, nikajaribu tena. Upepo ulijaa ndani ya shati langu mpaka nikadhani nitapaa. Nilicheka peke yangu, kwa sauti, mimi ambaye hata kuitikia jina darasani kulinipa taabu.

Njiru tukafika. "Mpaka mto Athi tu," alisema kaka.

Tukaukata uwanda, swala wakitukodolea macho. Pale Athi tulivua viatu, tukabeba baiskeli mabegani na kuingia majini. Katikati kaka aliteleza, akakaa chini maji yakamfika kifuani, baiskeli ameishikilia juu ya kichwa.

"Sasa nimelowa," alisema akiwa bado amekaa. "Siwezi kurudi hivi. Itabidi nikaukie Machakos."

Machakos ni mji mkongwe. Misafara kutoka pwani ilikuwa ikipumzika pale kabla ya reli, kabla Nairobi haijawa mji, na baadhi ya watu wetu walibaki palepale. Tulipanda vilima tukisukuma, tukateremka tukipiga kelele, na adhuhuri tukaziona nyumba. Kaka alijificha chini ya daraja la kijito nje ya mji. Mimi nikatoa kanzu kwenye mfuko wangu wa safari, nikaivaa, nikaenda.

Bibi yake msichana ndiye aliyenipokea.

"Shikamoo, bibi. Nimetumwa na ami, Pumwani."

"Marahaba, mjukuu wangu. Njia yote hiyo umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Akaniwekea kuku na chapati za samli, akaingia ndani kuchukua bahasha. Nikamkumbuka kaka pale chini ya daraja, tumbo tupu. Nikatia chapati mbili mfuko wa kanzu. Zilikuwa za moto. Bibi aliporudi na bahasha akaiweka mkekani, samli ilikuwa imeshapenya, doa limekuwa kubwa kama kisahani.

"Mjukuu wangu, chapati zangu ni mbaya?"

"Hapana, bibi."

"Mbona hizo umezificha? Za nani?"

Nikayakumbuka maneno ya ami. Nikaviangalia vidole vya miguu yangu.

"Za baiskeli," nikasema.

Nyuma ya pazia mtu akapasuka kicheko, kisha akajiziba mdomo. Bibi hakucheka.

"Baiskeli hiyo ina njaa?"

"Sana, bibi."

"Iko wapi?"

"Chini ya daraja."

Akachukua sahani, akapanga chapati nne na paja la kuku, akafunika kwa kawa. "Mpelekee mkwe wangu ale zingali moto. Na umwambie mimi sijamwona, simjui, na chakula hiki sikukituma."

Nilikimbia njia nzima. Kaka akaruka juu. "Bahasha iko wapi?"

"Bibi amesema mkwe wake ale chapati."

Alinitaka niseme tena. Nikasema tena. Akaingia kijitoni na suruali ambayo ndiyo kwanza imekauka, akazunguka na sahani kichwani. Akili zilipomrudia aliuliza tena bahasha, ndipo nikakumbuka kwamba nimeiacha mkekani, na baiskeli yangu nimeiacha mlangoni. Niliporudi kuvichukua, nyuma ya pazia kicheko kilianza kabla sijapiga hodi. Bahasha nikaitia mfuko uleule wa kanzu.

Tulilala msikitini, na kesho yake tukarudi kwa njia ileile. Jioni ami aliifungua bahasha polepole, kaka ameangalia dari kama mtu asiyehusika. Ami akainusa karatasi.

"Wamekubali," alisema. "Lakini mbona barua inanuka samli?"

Kaka alikuwa ameshatoka nje anapiga mluzi.

Nawaomba mlioisoma hii mniandikie: kwenu mposaji asiyeweza kungoja hujificha wapi? Nitawajibu, ila mnipe jioni mbili.