Korosho Badala ya Kaka

Salumu, mjukuu wangu, umesahau njia ya kwenu? Zamani ulisingizia kivuko. Sasa pale Ndundu, Mto Rufiji, kuna daraja!

Zuhura ananiandikia haya. Nimemwambia asipunguze neno.

Leo mimi na mdogo wako huyu tumekungoja stendi ya Kibiti tangu asubuhi. Jumatatu ana mtihani wa hesabu, ile milinganyo migumu wanayoiita ya oda ya pili, na uliahidi kuja kumfundisha.

Basi la kutoka Lindi, huko unakofundisha, likafika. Kondakta akateremsha mfuko.

"Bibi, mwalimu Salumu kawaletea korosho. Anawasalimu."

Korosho! Kibiti hii, mikorosho hadi mlangoni!

Nikamuuliza, "Mwanangu, hizi zinajua hesabu?"

Stendi nzima ikacheka. Zuhura hakucheka.

Njiani akanieleza kinachomshinda.

"Bibi, jibu la kwanza tunalo. Tunalizidisha kwa kitu tusichokijua, mlinganyo unashuka oda, unakuwa rahisi, tunalipata la pili."

"Na la kwanza lisipokuwepo?"

"Hapo tunakwama, Bibi."

Nyie mnaosoma barua hii pamoja naye, mna kaka wa namna hii?

Salumu, nyumba hii wa kwanza kusoma ni wewe. Ukija, korosho ziache hukohuko. Njoo na chaki, kabla ya Jumatatu, ukae na mdogo wako kwanza. Mimi utanisalimia baadaye.